Nani Mzito wa Ulimi?

Lipo neno linalotembea madarasani kwa wepesi wa kutisha, nalo ni "mzito". Mtoto huingia darasa la kwanza huko Mbulu au Hanang, huulizwa kwa Kiswahili jina lake na anakotoka, hukaa kimya, na kabla mwezi haujaandama mara ya pili huwa amekwisha kupewa cheo hicho. Mzito wa ulimi, mzito wa akili. Cheo humfuata darasa hata darasa, ilhali aliyempa hakupata kumwuliza hata swali moja kwa lugha aliyoinyonya kwa mama yake.

Sasa vimekuja vyombo, na pamoja navyo imekuja ahadi kwamba vyombo vitamwinua mzito na kumwachia mwepesi aende zake. Ahadi hiyo haina budi kupimwa kabla ya kupigiwa makofi. Chombo kinachomkuta mtoto amekwisha kuitwa mzito, nacho kikamwita hivyo hivyo kwa sauti ya mashine, hakitakuwa kimemsaidia. Kitakuwa kimempigia muhuri.

Wilaya hizo mbili za mkoa wa Manyara si mahali pa kawaida katika ramani ya lugha. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, husema lugha ya Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali. Wabarbaig, wafugaji wa nyanda za Hanang, husema Kidatooga, ambacho ni cha Kinailoti. Katika bonde la Yaeda, Wahadzabe husema lugha yenye vidoko ambayo wanaisimu hawajaipatia jamaa kwa yakini. Fauka ya hao wamo Wanyaturu na Wairamba, ambao lugha zao ni za Kibantu. Kwa hiyo benchi moja la Haydom au Basotu laweza kukalisha mtoto wa mfanyabiashara aliyekulia kwenye Kiswahili cha dukani, mtoto wa mkulima ambaye Kiswahili hukisikia siku ya mnada, na mtoto wa mfugaji anayekisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mwalimu. Wote watatu hufunguliwa kitabu kimoja, ukurasa mmoja, saa moja. Atakayechelewa, amechelewa nini? Hesabu ya akili, au hesabu ya miaka aliyokaa karibu na lugha hiyo?

Msomaji wa visiwani aliyepita chuoni anakumbuka jasho la kuifundisha koo lake kutamka ain, kuitenga ha nzito na ha nyepesi, na kuipata qaf pale inapotoka. Wako waliochapwa kwa herufi hizo. Basi na ajue kwamba mtoto wa Kiiraqw huja shuleni akiwa nazo zote tatu, bila ya kuchapwa na mtu, kwa sababu zimo katika lugha ya mama yake. Anazo na nyingine ambazo Kiswahili wala Kiarabu hakizijui, zile zinazoandikwa sl na tl, ambazo ulimi huzitoa kwa ubavu. Asichokuwa nacho ni z na v, kwani lugha yake ya asili haina sauti hizo. Asemapo "sawadi" badala ya "zawadi" hakosei kwa uzembe. Anasafiri, na amefika nusu ya njia. Vivyo hivyo asemapo "kitabu yangu". Lugha yake hupanga majina kwa jinsi, la kiume, la kike na lisilo la kike wala la kiume, na ngeli za Kiswahili kwake ni nyumba mpya yenye vyumba vingi. Mtu wa pwani anayemcheka angepewa sentensi moja ya Kiiraqw aitamke, darasa zima lingejua mara moja nani mzito wa ulimi.

Wala jambo hili si la bara peke yake. Ilipokubaliwa mwaka 1928 mjini Mombasa kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, kisiwa kilipata heshima kubwa, na kwa heshima hiyo kikapata deni. Ulimi wa mji wa Unguja ukawa kipimo cha mtoto wa Mbulu ambaye bahari hajaiona. Ukawa pia kipimo cha mtoto wa Makunduchi na wa Tumbatu, ambao nao husahihishwa maneno waliyoyarithi kwa mabibi zao. Mwenye kipimo hana haki ya kucheka anapopima. Anawajibika kuhakikisha kwamba kinapima kile kinachodaiwa kupimwa.

Hapo ndipo vyombo viingiapo. Baada ya sensa ya mwaka 2022, serikali ya Tanzania iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu, na idadi yake ilipita laki mbili. Hili ni jambo la kushukuriwa. Lakini kishikwambi kikiwa kazi yake ni kujazia taarifa na kuonyesha kurasa za kitabu kile kile, mtoto wa mfugaji hajapata kitu. Asiyekielewa Kiswahili cha karatasi hatakielewa kwa sababu kimewekwa taa nyuma yake.

Watetezi wa vyombo hupenda kuutaja mfano wa Tanga, na ni mfano wa kweli. Kati ya 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, watoto wa vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wao hawakuwa wamepata kwenda shule. Walijifunza, na mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana tuzo ya dola milioni 10. Lakini Tanga si Hanang. Mtoto wa Tanga ambaye nyumbani husema Kisambaa, Kizigua au Kibondei huja kwenye Kiswahili kama ajaye kwa binamu. Ngeli anazo, viambishi anavyo, na maneno mengi ni yale yale yaliyobadili kanzu. Mtoto wa Kibarbaig hana binamu humo. Kuchukua chombo kilichofaulu Tanga na kukitua Basotu bila ya kukibadili ni kumpa mtu wa milimani ngalawa kwa sababu imewafaa wavuvi.

Basi chombo kifanye nini? Jawabu ni moja, na matawi yake ni mengi. Kiwe sikio kabla hakijawa mdomo. Kila kishikwambi na kila simu ya mkononi ya kisasa ina kinasa sauti, na kwa darasa la lugha lenye watoto wa viwango mbalimbali, hicho kina thamani kuliko picha zote zinazochezacheza.

Mwalimu na anase maagizo ya zoezi kwa Kiswahili, kisha mwanafunzi wa darasa la juu ayaseme kwa Kiiraqw na mwingine kwa Kidatooga, ili anayeanza ajue anachotakiwa kufanya kabla hajahukumiwa kwamba ameshindwa kukifanya. Mtoto na ajinase anaposoma, ajisikilize pembeni, arudie mara kumi bila ya kuchekwa. Mashine haichoki wala haina kicheko, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa. Kisha, na hapa ndipo penye uzito, mtoto na apelekwe na kinasa hicho nyumbani, amwombe babu au bibi hadithi kwa lugha yao, airudishe darasani, na darasa lifanye kazi ya kuihamishia kwenye Kiswahili. Siku hiyo daraja hupinduka. Yule mwepesi wa mjini Katesh, ambaye kila siku humaliza kwanza na kukaa akiwasubiri wenzake, hana budi kumwuliza mtoto wa mfugaji: hapa bibi amesema nini? Naye aliyeitwa mzito ndiye mwenye ufunguo. Mmoja ana maana, mwingine ana maneno, na Kiswahili hupatikana baina yao.

Wapenzi wa ushairi wana zaidi ya kutazama katika shughuli hii. Wairaqw wanayo slufay, dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka na waliohudhuria huipokea kwa kuitikia. Taifa linalojisifu kwa mashairi lina watoto wanaotoka katika nyumba za mashairi, na linawaambia hawana lugha. Kwa upande wa pwani, shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, lenye vina vya kati na vya mwisho, ni chombo cha kufundishia kilichokuwapo kabla ya umeme. Lisomwe kwa mahadhi, linaswe, lisikilizwe na darasa zima. Anayeanza apige makofi kwa kila mizani, na kwa kufanya hivyo amejifunza silabi, ambazo ndizo mlango wa kusoma. Wa kati aachiwe mapengo ya vina ayajaze. Aliyekwisha kupevuka atunge ubeti wa kujibu. Sauti ni moja na viwango ni vitatu, wala hakuna aliyetengwa. Haihitaji programu ya kununuliwa ng'ambo.

Watakuja wenye hoja. Wa kwanza watasema kuziingiza lugha za nyumbani darasani ni kufungua mlango wa ukabila. Hofu hiyo inaheshimika, kwa kuwa Kiswahili kimeliunganisha taifa. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikwisha kutamka kwamba wananchi wataendelea kuzitumia lugha zao za asili na kujivunia. Haiwezekani mtu ajivunie nyumbani kile anachoaibishwa nacho shuleni. Wala kumweleza mtoto agizo kwa Kiiraqw ili afike kwenye Kiswahili si kumtoa katika taifa. Ni kumwingiza. Hata maandishi hayakosekani. Kamusi ya Kiiraqw iliyotungwa na Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kiessling ilichapwa Ujerumani mwaka 2002. Aibu ni kwamba imefasiriwa kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili, na hakuna wa kulaumiwa ila wanaojiita walinzi wa Kiswahili.

Wa pili watasema umeme hautoshi na vyombo ni vichache. Na wakumbuke mwaka 1973, pale kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kuzisikiliza redio kwa makundi, nchi nzima, kisha wakajadiliana. Redio ilikuwa moja na masikio yalikuwa mengi. Zanzibar nayo, katika miaka iliyofuatia 2006, iliwafikia watoto wadogo kwa vipindi vya redio vya "Tucheze Tujifunze", ambavyo sauti ilinyamaza kwa makusudi ili watoto waitikie. Kilichofaulu hakikuwa wingi wa vyombo. Kilikuwa ni kuachiwa nafasi ya kujibu.

Wa tatu, walio hatari zaidi kwa kuwa lugha yao ni ya kisasa, watasema kila mtoto apewe skrini yake, ajifunze kwa mwendo wake, na mashine ijipangie nani yu wapi. Mwendo wake, ndiyo. Upweke, hapana. Lugha haijifunzwi na mtu aliyefungiwa na kioo. Tena mashine inayosikiliza hufundishwa kwa sauti za watu. Ikifundishwa kwa sauti za mji na pwani, "sawadi" kwake itakuwa kosa tupu, na yule mwalimu aliyesema "mzito" atakuwa amepata mwenzake asiyestaafu. Kabla chombo cha namna hiyo hakijafika Mbulu, sauti za watoto wa Mbulu ziwe zimo ndani yake.

Alhasili, kazi iko mikononi mwa watu wanaojulikana. Vyuo vya ualimu na viwafundishe walimu wanaokwenda Manyara kanuni chache za Kiiraqw na Kidatooga, angalau wajue kosa lipi ni la njiani na lipi ni la uvivu. BAKITA na BAKIZA na viifanye kamusi ile isomeke kwa Kiswahili. Na washairi wa visiwani, wanaolalamika kila mwaka kwamba vijana hawasomi tena mashairi, wanaweza kukaa mbele ya simu zao jioni moja, wakayasoma kwa mahadhi na kuyapeleka Katesh na Haydom. Huko wako watoto ambao hawajawahi kusikia Kiswahili kikisemwa na mtu anayekipenda. Wamekisikia kikiamrisha na kikisahihisha. Waletewe nacho kinachoimba, kisha wasubiriwe wajibu.