Mdondo Hauogopi Maji

Wapo wananchi wa Ukerewe na Ukara wanaodhani kuwa maji ya Ziwa Viktoria ni ukuta wa kuwakinga na maradhi ya mifugo ya nchi kavu. Dhana hiyo ni potofu. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, husafiri na kuku aliyefungwa miguu ndani ya mtumbwi au kivuko. Hata tenga lenye kinyesi chake hutosha kuufikisha kisiwani.

Ugonjwa huu huletwa na virusi, wala hauna dawa. Kuku wasiochanjwa huweza kuteketea karibu wote kwa siku chache, na kwa kaya nyingi kuku ndiye akiba ya daftari na matibabu. Lakini chanjo ipo. Ile ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, nayo hustahimili joto kuliko chanjo za zamani. Umbali wa kisiwa si udhuru tena.

Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani, kwa sababu chanjo iliwafuata wafugaji hata nyikani. Iwafuate na visiwani.

Tunawataka viongozi wa Halmashauri wahakikishe chanjo inavuka ziwa kwa ratiba, si baada ya kuku kufa. Nao wananchi wasiuze kuku wagonjwa wala kutupa mizoga ziwani. Waichome au waifukie.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mdondo, tiba haipo. Kinga ndiyo yote.