Anayeweka Vijiti Ajue na Kuvitoa

Wiki iliyopita wifi yangu alinipigia simu usiku kutoka nyumbani Tanzania. "Wifi, vijiti vyangu vimemaliza miaka yake 5, na mimi na kaka yako tunataka mtoto. Zahanati wanasema aliyekuwa anavitoa amehamishwa. Nifanyeje?"

Nikamwambia aende hospitali ya wilaya, nikamtumia nauli. Lakini usingizi haukuja, maana swali lake nalijua.

Nilipomaliza diploma nilipangiwa kituo cha vijijini, kisha tukapelekwa mafunzo ya vijiti na kitanzi. Tulianza na mkono wa plastiki, baadaye kwa akina mama wenyewe, tukisimamiwa. Kuweka vijiti nilifanya mpaka nikazoea. Kuvitoa nilikuona mara moja tu, nimesimama nyuma ya wenzangu. Mama wa kwanza aliyekuja kutolewa nilimwambia, "Njoo wiki ijayo." Ukweli ni kwamba niliogopa. Hakurudi.

Mafunzo hayo yameenea sana Afrika. Ethiopia ilianza mwaka 2009 kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kuweka Implanon, kijiti kimoja, na akina mama wakapata huduma karibu na nyumbani. Kukitoa, walielekezwa kituo cha afya. Mwaka 2013 bei ya vijiti viwili vya Jadelle kwa nchi maskini ikashushwa kutoka dola 18 hadi 8.50, na wanawake wengi zaidi wakavipata. Ni jambo jema mno. Ila kila kijiti kinachoingia kina siku yake ya kutoka.

Na kutoa ni kugumu kuliko kuweka. Kuweka ni ganzi, sindano yake maalumu na plasta, dakika chache tu. Kutoa unapapasa, unachana ngozi kidogo, kisha unakivuta kijiti ambacho mwili umekizungushia utando. Kama kiliwekwa ndani sana badala ya chini tu ya ngozi, ndipo taabu inapoanza.

Mama akiambiwa "njoo kesho" mara tatu, jirani zake husikia. Ndipo uvumi unapokua kwamba ukishawekwa hutolewi tena, na wengine wanaiogopa njia nzuri kwa sababu hiyo tu.

Dada zangu mliokuja huku na vijiti mkononi, tunzeni kadi, andikeni tarehe na idadi ya vijiti. Mkipoteza kadi, semeni mliwekewa wapi na lini. Hapa Uingereza huduma za uzazi wa mpango ni bure, kutolewa pia, kwa daktari wenu au kliniki ya afya ya uzazi. Msijaribu kujitoa wenyewe. Na uwezo wa kushika mimba hurudi upesi baada ya kutolewa. Wanaosubiri miezi mingi mara nyingi ni wale wa sindano.

Halafu kuna jambo la sisi sote. Tunachangia zahanati za kwetu: vitanda, mashuka, sola. Safari ijayo tuulize pia, "Nani hapa anajua kutoa vijiti, na akihamishwa, nani anabaki?"

Juzi wifi alinitumia picha ya mkono wake una plasta. Amesafiri siku mbili kwa kazi ya nusu saa.