Ufunguo Umo Ndani ya King'amuzi
Mwalimu aliyerekodi kipindi cha sayansi katika king'amuzi, kisha akakinakili kwenye diski ya nje, huenda akadhani amekwisha kukihifadhi. Sivyo. Ving'amuzi vingi huandika kipindi kwa fumbo la tarakimu, na ufunguo wa fumbo hilo hubaki ndani ya chombo chenyewe. Chombo kikiharibika, nakala haisomeki tena. Kaseti ya video haikuwa na kifungo hicho. Na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kurekodi nyumbani ili kutazama baadaye si kosa. Haki ya mtungaji na ilindwe. Lakini kipindi kilichorushwa bila malipo hakistahili kufungwa. Kabla ya kununua, shule na iulize: nakala hii itasomeka kwa chombo kingine?