Akishapona, nani anamuuliza analalaje?

Nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Singida, na nimerudi na jambo moja linalonikaa rohoni.

Ukitoka Singida mjini kwa barabara ya Nzega, unashuka Misigiri, unaingia Ulemo, wilaya ya Iramba. Huko nilikutana na kijana wa miaka 17 aliyetibiwa saratani ya damu Muhimbili. Jina simtaji. Alimaliza dawa mwaka jana, nywele zimeota, mwili umerudi. Siku aliyofika kijijini alichinjiwa mbuzi.

Nikamwambia, "Hongera mdogo wangu, umeshinda."

Akaangalia chini. "Asante dada. Ila kule wodini nilikuwa mtu wa kawaida."

Jamani! Maneno hayo nimerudi nayo hadi Dar.

Hebu fikirieni. Matibabu ya saratani ya damu kwa mtoto mara nyingi huchukua kama miaka miwili hadi mitatu. Pale Muhimbili kila mtoto hana nywele, kila mmoja anaijua sindano ya uti wa mgongo. Shirika la Tumaini la Maisha, linaloshirikiana na hospitali, lina hosteli kwa watoto na wazazi wanaotoka mbali, na kuna darasa na michezo. Halafu siku moja unapewa tarehe ya kliniki, unapanda basi, na zaidi ya kilometa 700 baadaye uko peke yako. Kijiji kizima hakuna anayejua ulichopitia.

Wenzake sasa wako kidato cha nne, yeye anakaa na watoto wa kidato cha pili. Mama yake hamruhusu hata kubeba ndoo ya maji. Wapo wanaokwepa kunywa kikombe kimoja naye, wakati saratani haiambukizwi kwa kikombe wala kwa kukaa pamoja. Usiku akipata homa kidogo, sisi tungesema malaria. Yeye anaona ile wodi.

Najua kuna atakayesema: dada, nchi hii dawa na vitanda bado havitoshi, wewe unatuletea habari za huzuni? Nakubali kwamba uhai kwanza. Lakini Shirika la Afya Duniani liliweka lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona. Lengo zuri sana. Sasa hao watakaopona watarudi wapi? Watarudi Ulemo. Na kijana aliyekata tamaa ndiye atakayeona nauli ya kwenda kliniki haina maana, hata ugonjwa ukiwa unarudi.

Kwa maoni yangu, mengi hayahitaji fedha nyingi. Kabla mtoto hajaruhusiwa, hospitali impigie simu mwalimu mkuu, imweleze mtoto anaweza nini na ahitaji nini. Waliotibiwa pamoja waachiwe namba za simu, kwa ridhaa ya wazazi, wawe wanasalimiana. Na siku ya kliniki, baada ya kupima damu, daktari au nesi aulize pia: unalalaje? Una rafiki? Akiona mambo ni mazito, amfikishe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Na sisi? Tuache kunong'ona akipita. Tuache pia kumwambia "mshukuru Mungu umepona" kila anapotaka kusema anaogopa. Anashukuru, na bado anaogopa. Vyote viwili vinakaa kwenye moyo mmoja.

Nilipoaga nilimuuliza anataka nini. Hakutaja fedha. Alisema kuna mwenzake walikuwa wanalala vitanda jirani, hajui kama yu hai, na hana namba yake.

Wadau, mbuzi tulimchinja. Namba ya simu ndiyo ilitushinda?

Nawasilisha.