Fidia ya mpangaji si sadaka

Kila mwaka ifikapo Julai, baridi inayovuma kutoka mbuga za Kaputiei huwakumbusha wakazi wa Kitengela thamani ya maji moto. Huo ndio wakati ambapo, shawa ya umeme ikiharibika katika nyumba ya kupanga, amani kati ya mpangaji na mwenye nyumba nayo huharibika.

Chanzo cha hitilafu hizi si siri. Maji ya visima vingi vya eneo hili la Kajiado yana chumvi, na chumvi hiyo huila sehemu inayopasha maji ndani ya shawa. Ndiyo maana maduka ya vifaa vya umeme huuza shawa zilizoundwa mahsusi kwa maji ya chumvi. Mwenye nyumba anayefunga ile isiyoundwa kwa maji hayo ili kuokoa fedha kidogo hapaswi kushangaa ikikata roho mapema. Hata hivyo, mpangaji anapolalamika, swali la kwanza analoulizwa na msimamizi wa ploti ni, "Wewe uliitumiaje?"

Jirani yangu mmoja alikaa takribani wiki tatu akichemsha maji kwa gesi kila alfajiri ili watoto waoge kabla ya kwenda shule. Aliponijia nimsaidie kumwandikia mwenye nyumba barua, alitaka tuseme kwamba "anaomba kusaidiwa". Nilimuuliza kwa nini aombe. Sisi tunaofundisha isimu hatuwezi kulipuuza neno kama hilo. Anayeomba hutegemea huruma ya mwingine. Anayedai hutegemea haki yake. Neno fidia lenyewe, ambalo tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya malipo ya ukombozi, leo ni malipo ya kumrudishia mtu alichopoteza. Halina harufu ya sadaka.

Sheria nayo haiko mbali na maana hiyo. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka anayekodisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na mitambo inayotumiwa na wapangaji kwa pamoja. Kinaeleza pia kwamba jengo likiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata likawa halifai kutumiwa, basi kodi, au sehemu yake inayolingana na uharibifu huo, husimamishwa hadi jengo litengenezwe. Shawa iliyoungua si mafuriko, na sidai kwamba kifungu hicho kinaitaja. Lakini busara iliyomo ndani yake inatufaa: kodi ni bei ya kitu kamili, na kitu kikipungua, bei nayo ipungue kwa kadiri hiyo.

Tatizo ni kwamba wengi hawana pa kupeleka shauri dogo kama hili. Baraza lililoundwa chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura 296, liliwekewa mpaka wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni nyumba gani ya Kitengela yenye shawa ya umeme inayopangishwa kwa kiasi hicho leo? Kwa hiyo pande mbili hizi hazina budi kusikizana.

Tuseme kodi ni shilingi 18,000 na shawa imekaa siku 20 bila kutengenezwa. Si haki mpangaji azuie kodi yote, kwa kuwa amelala, amepika na kufua mumo humo. Wala si haki alipe yote kana kwamba hakuna lililotokea. Ikiwa ametumia shilingi 1,200 zaidi kwa gesi na ana risiti, hapo ndipo mazungumzo yaanzie. Anayezuia kodi kimyakimya humpa mwenye nyumba sababu ya kumwita dalali, na dalali haulizi habari za shawa.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mpangaji aandike taarifa siku ile ile hitilafu inapotokea, na kubaki na nakala. Mwenye nyumba ajibu kwa maandishi akitaja siku ya kuja fundi. Fundi naye aeleze chanzo. Ikiwa ni chumvi au uchakavu, mzigo uwe wa mwenye nyumba, kwani kisima ni chake na kifaa ni chake. Ikiwa ni uharibifu wa makusudi au uzembe, mpangaji aubebe. Kiasi kitakachokubaliwa kikatwe katika kodi ya mwezi unaofuata na kuandikwa kwenye risiti.

Haya yote yangekuwa mepesi iwapo yangetajwa katika mkataba tangu mwanzo. Mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza kizito, na mpangaji hutia sahihi huku macho yake yako kwenye funguo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mwenye nyumba anayedai kodi kwa Kiswahili kila mwisho wa mwezi ataje pia wajibu wake kwa Kiswahili, katika karatasi ambayo mpangaji anaweza kuisoma kabla ya kuitia sahihi.

Jirani yangu hatimaye aliandika "nadai". Alirudishiwa gharama ya gesi, na kodi iliyobaki akailipa kwa wakati. Hawakukosana.