Senti ya Tundu si Washa

Wiki hii nimekasirika, na hasira imeanzia kwenye gurudumu la baiskeli.

Ilikuwa Jumatano hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Fundi alikuwa anamfungia gurudumu la nyuma kijana wa mtaa wa New Congo anayebeba mihogo. Akatia mkono kwenye kopo la misumari, akatoa kiduara chenye tundu katikati, akakivisha kwenye ekseli, akakaza nati. Nikamwambia, "Mwanangu, fungua." "Mzee, hiyo ni washa tu." Fungua! Akafungua shingo upande, mwenye mihogo akilalamika kwamba jua linamharibia mali. Mama anayeuza chapati pale akahukumu papo hapo: "Mzee ampe washa, fundi ampe mfalme wake."

Nikanunua washa. Mfalme ninaye.

Ni senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu. Upande wa pili kuna taji na jina la Edward wa Nane. Huyo alitawala kuanzia Januari, Desemba akaacha kiti, na kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikutolewa kwa umma. Zetu zilitoka kwa sababu ya tundu. Penye tundu hapakai uso, basi wafua sarafu hawakuwa na haja ya kungoja picha ya mfalme mpya: walibadilisha jina, wakaendelea. Mwaka 1964 senti hiyo ikafuliwa bila jina la mfalme yeyote. Mwaka 1966 Uganda ikatoa sarafu zake yenyewe, tundu likazibwa, pembe za ndovu zikabaki. Historia nzima ya ukoloni na uhuru, na mtu anaikazia nati!

Kosa ni la shule zetu. Zinamkaririsha mtoto majina ya magavana, lakini hazimwekei kiganjani kitu kilichopita mikononi mwa babu yake.

Alhamisi nikaenda mjini Mbarara, nikakuta makubwa zaidi. Karibu na soko, muuzaji anazisugua senti hizo hizo kwa msasa azitie kwenye minyororo ya funguo. Rangi ya kahawia iliyokaa juu ya shaba kwa zaidi ya miaka themanini inaondoka kwa dakika moja, na mchongo wa pembe unakwenda nayo. Marekani, senti ya Lincoln ya 1909 yenye herufi za kwanza za majina ya mchongaji wake Victor David Brenner, mhamiaji aliyetoka Lithuania, ikisuguliwa hivyo bei yake inaanguka palepale. Watu wa Nakivale, mhamiaji ndiye aliyeichonga!

Nikamwuliza yule muuzaji kwa nini anasugua. "Mzee, mteja anataka kipya."

Basi auze kipya. Shilingi mia ya ng'ombe wa Ankole ipo mfukoni mwa kila mtu Mbarara.