Msiwafunge Midomo Akina Mama wa Kipsongo

Makala iliyochapishwa majuzi, ikiwataka Waturkana wa Kipsongo, hapa Kitale, waache Kiturkana nyumbani ili watoto wao washike Kiswahili haraka, imemlaumu asiye na kosa.

Wengi walifika hapa wakikimbia ukame na wizi wa mifugo. Mama aliyejifunzia Kiswahili sokoni anajua bei, salamu na maneno ya kuombea kibarua. Akinyimwa lugha yake, atamsimulia nini mwanawe jioni? Atabaki na "njoo", "kula", "lala". Mtoto hajengi lugha kwa amri tatu!

Tena anachokijua kwa Kiturkana hakipotei. Kwa Kiturkana, sita husemwa tano na moja. Mtoto anayefika hapo kwa vidole vyake tayari anajumlisha, na kilichobaki ni kumpa majina ya Kiswahili. Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Kanada, alishaeleza mwaka 1979 jinsi lugha ya kwanza inavyoisaidia ya pili.

Kasoro iko darasani. Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ya Kenya ilipendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mjini lugha hiyo huwa Kiswahili. Basi mtoto wa Kipsongo huketi kimya, akaitwa mzito, na mwalimu hana hata neno moja la Kiturkana la kumfungulia somo. Pa kuanzia ni chekechea, ambayo ni jukumu la kaunti tangu Katiba ya 2010. Kaunti yetu ya Trans Nzoia iajiri walimu wanaosema Kiturkana, na ianzie Kipsongo.